Nidhamu ya Kocha Inagharimu Pointi Ngapi?

Tarehe 31 Desemba 2011, Alex Ferguson alikuwa anatimiza miaka 70. Old Trafford imejaa, mashabiki wamekuja kumwimbia mzee, na wageni ni Blackburn Rovers, timu iliyokuwa ikivuta mkia kwenye ligi. Kila mtu alikuwa ashaandika matokeo kichwani. Hiyo mechi ilionekana kama zawadi ya kuzaliwa iliyofungwa vizuri na riboni juu.

Kisha kikosi kikatangazwa na Wayne Rooney hayuko. Hayuko uwanjani, hayuko kwa benchi. Hakuwa ameumia na hakuwa na kadi. Siku tano kabla, usiku wa Boxing Day, United walikuwa wametoka kuichapa Wigan 5-0, na Rooney akatoka kujivinjari na wenzake wawili, Darron Gibson na Jonny Evans. Kesho yake kwa mazoezi, kocha hakupenda alichokiona. Wote watatu wakapigwa faini, na Rooney akaambiwa mechi ya Blackburn ataitazama tu kama mimi na wewe.

Kumbuka hali ilivyokuwa. Majeruhi walikuwa wengi kiasi kwamba Michael Carrick, ambaye ni kiungo, alichezeshwa beki, na Rafael, ambaye ni beki, akapelekwa katikati. Kocha yeyote mwingine angesema, "Sawa, nitamwadhibu Januari." Ferguson hakungoja. Yakubu akafunga mawili, Berbatov akarudisha mawili, halafu dakika ya 80 Grant Hanley akaweka la tatu. United 2, Blackburn 3. Siku ya kuzaliwa ikaharibika.

Miezi mitano baadaye, tarehe 13 Mei 2012, ligi ikaisha. United pointi 89, Manchester City pointi 89. City wakachukua kombe kwa tofauti ya mabao manane, lile bao la Agüero la dakika za nyongeza ambalo hata mtoto wa darasa la pili mtaani anaweza kukuigizia. Na United walishinda mechi yao siku hiyo 1-0 kule Sunderland. Mfungaji? Rooney.

Kila nikileta hii stori kwa kibanda tunapochekia mechi, wasee wanagawanyika. Upande mmoja wanasema mzee alijikata mguu mwenyewe, pointi moja tu ya Blackburn ingempa kombe. Upande mwingine wanasema bila huo ukali hakungekuwa na makombe mengine yote. Mimi nadhani pande zote mbili zinaangalia adhabu peke yake, na adhabu ni ile sehemu ndogo tunayoiona. Ili ujue kama mzee alikosea, lazima urudi nyuma sana.

Kabla ya United

Ferguson ni mtoto wa Govan, mtaa wa Glasgow uliojaa viwanda vya kujenga meli. Baba yake alifanya kazi huko. Jina lake kama kocha alilijenga Aberdeen, na huko ndiko stori za ukali zilianzia. Kuna moja maarufu: alimpiga faini straika wake John Hewitt kwa sababu kijana alimpita kwa gari barabarani. Ndio, kumpita tu. Ukisikia hiyo unacheka, unasema huyu ni mzee wa vituko.

Lakini angalia hii. Mei 1983 Aberdeen, timu ndogo ya Scotland, iliifunga Real Madrid 2-1 kwenye fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya. Bao la ushindi lilifungwa na huyo huyo Hewitt, akitokea benchi. Siku kumi baadaye wakashinda Kombe la Scotland dhidi ya Rangers, 1-0. Kombe la pili ndani ya siku kumi! Na Ferguson akasimama mbele ya kamera za televisheni, hewani, akawakaripia wachezaji wake kwamba wamecheza vibaya.

Baadaye aliwaomba msamaha. Hiyo sehemu watu huisahau wakisimulia. Alijua alikuwa amevuka mpaka, na akarudi kwao kama mtu mzima.

Shida ya chupa

Alipofika United tarehe 6 Novemba 1986, timu ilikuwa karibu kabisa na mkia wa ligi. Haikuwa imeshinda ligi tangu 1967. Na shida kubwa aliyoikuta ilikuwa pombe. Wachezaji wengine walikuwa wanakunywa kama vile mechi ni kitu cha kufanya ukisubiri baa ifunguliwe.

Majina makubwa mawili yalikuwa Paul McGrath na Norman Whiteside. Whiteside ndiye aliyefunga bao la fainali ya Kombe la FA mwaka 1985. McGrath alikuwa beki wa kiwango ambacho huoni mara mbili. Mashabiki waliwapenda sana. Mwaka 1989 Ferguson akawauza wote: Whiteside akaenda Everton, McGrath akaenda Aston Villa.

Unafikiri matokeo yalibadilika mara moja? Zii. Msimu huo wa 1989/90 United walimaliza nambari 13. Walichapwa 5-1 na City. Mabango yakaonekana Old Trafford yakimtaka kocha aende nyumbani. Kama ingekuwa leo, angefutwa kabla ya Krismasi na watu wangesherehekea mtandaoni. Lakini wakubwa wa klabu wakakaa kimya wakamwacha afanye kazi. Mei 1990 akashinda Kombe la FA, na miaka mitatu baadaye ligi ikarudi baada ya miaka 26.

Sasa hapa ndipo lazima tuwe wakweli. McGrath mwenyewe ameeleza wazi maishani mwake kwamba alikuwa mgonjwa wa pombe, na magoti yake yalikuwa yameharibika. Kule Villa walimpunguzia mazoezi, wakajaribu kumshika mkono. Mwaka 1993 wachezaji wenzake wa Uingereza nzima wakampigia kura kuwa mchezaji bora wa mwaka, na Villa ikamaliza nambari mbili, nyuma ya United. Yaani yule mtu aliyeonekana hawezi kunyooka alikuwa bado na miaka ya dhahabu mguuni.

Kwa hiyo faini na kelele hazikumsaidia McGrath. Kumwondoa kulisaidia chumba cha kubadilishia nguo, labda, lakini mtu mwenye ugonjwa hahitaji nidhamu pekee, anahitaji matibabu. Kizazi chetu kinaongea kuhusu afya ya akili kila siku, kwa hivyo hatuwezi kusoma hii historia na kusema tu "mzee alikuwa mkali, safi."

Sherehe moja, vijana wawili

Mwaka 1992, Lee Sharpe alikuwa anaandaa sherehe kwake nyumbani. Ryan Giggs alikuwepo. Sharpe alikuwa ametajwa mchezaji bora chipukizi wa Uingereza 1991, Giggs akachukua hiyo tuzo 1992. Vijana, pesa, wasichana, muziki. Si unajua venye inakuanga.

Mlango ukagongwa. Ferguson mwenyewe. Akaingia, akafukuza watu nyumba nzima, na wachezaji aliowakuta akawapa makofi ya kisogoni mmoja baada ya mwingine.

Leo ukimpiga mfanyakazi kofi unapelekwa mahakamani, na ni sawa. Lakini kilichofanya Giggs asichukie ni historia iliyokuwa nyuma ya lile kofi. Ferguson ndiye alienda nyumbani kwa kina Giggs siku kijana anatimiza miaka 14, akakaa sebuleni, akaongea na mama, akamwandikisha. Alimjua mama yake. Kwa hiyo aliyeingia kwa ile sherehe hakuwa bosi tu. Alikuwa yule mzee wa ploti anayeweza kukukuta pahali pabaya akakurudisha kwenu, na wewe unamfuata kimya.

Giggs alicheza United hadi 2014: mechi 963, ligi 13. Sharpe aliuzwa Leeds 1996 na hakurudi tena kwa kile kiwango. Nyumba moja, usiku mmoja, kocha mmoja. Nidhamu ya kocha haimalizi kazi. Inakufungulia mlango, kuingia ni wewe.

Mbona Cantona aliachwa?

Hapa ndipo wale wa "sheria ni sheria" wanapata shida. Tarehe 25 Januari 1995, Eric Cantona alipewa kadi nyekundu dhidi ya Crystal Palace. Akiwa anatoka, shabiki akamtukana, na Cantona akaruka juu ya ubao wa matangazo akampiga teke la kifua. Tendo baya kuliko chochote ambacho McGrath au Rooney walifanya. Alifungiwa hadi mwisho wa Septemba na mahakama ikampa saa 120 za kutumikia jamii.

Msimu huo United walipoteza ligi kwa pointi moja, wakapoteza fainali ya Kombe la FA 1-0. Hiyo ndiyo gharama ya mchezaji mmoja kukosa kujizuia. Kama unatafuta ushahidi kwamba utovu wa nidhamu unaathiri matokeo, huo hapo, kwa namba.

Ferguson angemuuza. Badala yake alimfuata Paris kumbembeleza abaki alipotaka kuondoka. Tarehe 1 Oktoba 1995 Cantona akarudi dhidi ya Liverpool, akatoa pasi ya bao na kufunga penalti, droo ya 2-2. Msimu huo United wakatoka nyuma ya Newcastle kwa pointi 12, wakachukua ligi na Kombe la FA. Bao pekee la fainali? Cantona.

Ni upendeleo? Ndio, bana, ni upendeleo. Lakini sikiliza tofauti. Cantona alikuwa wa kwanza kufika mazoezini na wa mwisho kuondoka. Wale vijana waliopandishwa mwaka huo, kina Beckham, Scholes, Butt na Neville, walijifunza kwake kubaki uwanjani baada ya mazoezi kupiga mipira peke yao. Ferguson alikuwa anapima kitu kimoja: huyu mtu anaivuta timu juu au anaivuta chini? Wachezaji wanaweza kuvumilia sheria ambayo si sawa kwa kila mtu. Wasichovumilia ni sheria ambayo hawaielewi.

Na kuna siku alikosea

Agosti 2001 alimuuza Jaap Stam kwenda Lazio, muda mfupi tu baada ya Stam kutoa kitabu kilichoanika mambo ya ndani ya klabu. Wengi waliamini kitabu ndicho kilimfukuza. Ferguson amekuwa akisema ni jeraha na ofa nzuri ya pesa. Sababu yoyote ile, nafasi yake ilichukuliwa na Laurent Blanc wa miaka 35, United wakamaliza nambari tatu bila kombe, na Ferguson baadaye akakubali kwamba ule uamuzi ulikuwa kosa.

Linganisha na Novemba 2005. Roy Keane, nahodha, alikuwa amewachana wenzake kwenye mahojiano ya televisheni ya klabu baada ya kufungwa 4-1 na Middlesbrough. Mahojiano hayakurushwa, na wiki chache baadaye Keane akaondoka. Mwaka 2006 Ruud van Nistelrooy naye akafuata. Watu wakasema United imekwisha. Mwezi baada ya Keane kuondoka wakatolewa Ligi ya Mabingwa wakiwa wa mwisho kwenye kundi, na waliosema wakasema zaidi.

Halafu ligi ya 2007. Ligi ya 2008 pamoja na Ligi ya Mabingwa. Ligi ya 2009. Kumbe tayari Ronaldo na Rooney walikuwa pale wanakua, na nafasi ilipofunguka wakaijaza. Stam alipoondoka hakukuwa na mtu wa kujaza. Hilo ni jambo la kawaida sana ambalo watu hawapendi kulisema: ukimfukuza nyota bila kuwa na mtu nyuma yake, hiyo nidhamu inakugeukia wewe na mashabiki wako.

Tukirudi kwa Rooney

Sasa tazama tena ile Desemba 2011. Rooney huyo huyo, Oktoba 2010, alisema hadharani anataka kuondoka. Ferguson alimbakisha, na akapewa mkataba mpya mnono. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kuadhibiwa kila akikohoa. Gibson, ndani ya wiki mbili za ile mechi ya Blackburn, aliuzwa Everton. Rooney alibaki, na akamaliza msimu na mabao 27 ya ligi.

Je, Blackburn ndiyo ilipoteza ligi? Sio peke yake. United walichapwa 6-1 nyumbani na City. Aprili walikuwa mbele kwa pointi nane zikibaki mechi sita, wakafungwa na Wigan, wakatoka droo ya 4-4 na Everton, wakafungwa tena na City. Ukitaka kutafuta pointi zilizopotea, ziko kila mahali. Lakini hata tukikubali kwamba zile tatu za Blackburn ndizo zilikuwa bei, kila mtu kwa kile chumba aliona jambo moja: mzee alikubali kuumia yeye mwenyewe, siku yake ya kuzaliwa, badala ya kulegeza. Msimu uliofuata, wa mwisho wake, United walichukua ligi kwa pointi 11.

Chama na mkopo

Nikitaka kueleza hii kitu kwa lugha ya nyumbani, naifikiria kama chama. Mama zetu wanajua: huwezi kuingia leo na kesho uombe mkopo mkubwa. Unachangia kwanza, wiki baada ya wiki, wanakujua, ndipo siku ukiomba wanakupa bila maswali. Ferguson kufikia 2011 alikuwa amechanga miaka 25. Alipoomba wachezaji wavumilie adhabu ya nyota wao, akiba ilikuwepo.

Tazama Erik ten Hag. Tarehe 31 Desemba 2022, miaka 11 kamili baada ya Blackburn, alimweka Marcus Rashford kwa benchi dhidi ya Wolves kwa sababu alilala akachelewa kikao cha timu. Rashford akaingia kipindi cha pili, akafunga bao pekee. Mwezi mmoja kabla, Cristiano Ronaldo alikuwa ameachana na klabu. Februari wakashinda Kombe la Carabao, msimu ukaisha nambari tatu. Sote tukasema Fergie amerudi.

Septemba 2023, Ten Hag akasema hadharani kwamba Jadon Sancho hakufanya vizuri mazoezini. Sancho akajibu mtandaoni. Akatengwa, hata mazoezi na wenzake akanyimwa, hadi Januari alipopelekwa Dortmund kwa mkopo, na huko akafika fainali ya Ligi ya Mabingwa. United wakamaliza nambari nane, ingawa walipata Kombe la FA. Oktoba 2024 Ten Hag akafutwa. Sheria zilikuwa karibu zile zile za Ferguson. Lakini akiba yake ilikuwa ya msimu mmoja, na alikuwa ashaikopa yote.

Nimeona hii hata kwetu mtaani. Tulikuwa na kocha wa timu ya estate ambaye alimwacha winga wetu mkali nje ya fainali kwa sababu alikosa mazoezi mara mbili. Tulipoteza. Nilikasirika hadi nikataka kuacha timu. Lakini ni yeye huyo alikuwa anatulipia matatu kwa mfuko wake, na mmoja wetu alipofiwa alilala matanga usiku kucha. Hakuna hata mmoja aliyeondoka. Winga alirudi mazoezini Jumanne, wa kwanza kufika.

Na kuna mtu mmoja aliyeona drama ya Ronaldo, Rashford na Sancho kutoka benchi lenyewe: Benni McCarthy, aliyekuwa anawanoa washambuliaji wa United wakati huo, na aliyekabidhiwa Harambee Stars Machi 2025. Siku moja atakuja kumwacha nje mchezaji tunayempenda. Tutapiga kelele, najua, na mimi nitakuwa kati ya wapiga kelele. Lakini kabla hatujamwita mkali au mjinga, tuulize kwanza: amechangia nini kwa hawa vijana? Ana nani wa kujaza hiyo nafasi? Na tukipoteza hiyo mechi, nani atalipa, yeye au wao?

Ferguson angeweza kumchezesha Rooney ile siku na pengine angeshinda 4-0 na kukata keki yake kwa raha. Alichagua kulipa. Wewe ungechezesha Rooney?